Pwani ya Ndege wa Siberia Iko London

Nisikuzungushe: nenda Januari. Kama London imo katika safari zako, achana na Julai na jua lao la kubahatisha. Nenda baridi ikiwa imekolea, vaa kila ulicho nacho, ning'iniza darubini shingoni, halafu siku moja nzima usiguse duka wala jumba la makumbusho. Shinda na ndege. Nimerudi juzi tu na bado nahema. Nimezaliwa Tanga, nimekulia kando ya mikoko, ndege wa majini nimewajua kabla ya kujua kusoma, na bado nasema kwa kinywa kipana kwamba sijapata kuona siku ya ndege iliyojaa kama ile.

Binti wa shangazi yangu, mkaazi wa Tottenham wa miaka mingi, aliposikia mpango wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, ndege gani baridi hii? Si wote wameshakimbilia kwenu?"

Nusu ya maneno yake ni kweli. Mbayuwayu wanaondoka Uingereza kabla baridi haijaingia, na Januari wako huku kwetu kusini wanakula wadudu wetu. Lakini hadithi ya ndege wa Ulaya tumeizoea kwa upande mmoja, upande wa sisi wapokeaji, tukadhani huko walikotoka kunabaki makao matupu. Kumbe Uingereza nayo inapokea wageni! Maziwa ya Siberia, Finland na Iceland yakiganda, bata anayeishi kwa kuchovya mdomo majini hana tena riziki. Anaruka kusini na magharibi mpaka akute maji yaliyo wazi. Bahari ya Atlantiki inazipa pwani za Uingereza uvuguvugu wake, maji mengi huko hayagandi hata usiku, basi bata anatua hapo na safari imekwisha. Mimi natetemeka kwa nyuzi tatu za Selsiasi, yeye anaona amefika Malindi.

Halafu siku yenyewe ilivyo fupi! Jua linachomoza saa mbili na dakika chache, linazama saa kumi na dakika chache. Magharibi inaadhiniwa wakati ambao Tanga watu ndio kwanza wanaamka usingizi wa mchana. Unaweza kusema hiyo ni hasara kwa mtazama ndege. Ni faida tupu. Kwetu ndege huchangamka alfajiri, na ikifika saa nne jua likishapanda wanajificha, ukabaki unatazama majani. Huko hakuna kujificha. Usiku una saa kumi na sita za baridi, na kindege chenye uzito wa gramu kumi lazima kiingie usiku huo tumbo limejaa, la sivyo hakitaamka. Kwa hiyo wanakula kutwa, mbele ya macho yako, bila kujali nani anatazama. Tena miti haina jani hata moja. Kila kinachotua tawini unakiona mkia mpaka mdomo. Nani alipanga mambo haya?

Nilianzia St James's Park, bustani iliyo chini ya madirisha ya kasri la mfalme, giza likiwa bado linajivuta. Na wa kwanza kuniangukia machoni ni nani? Mwari! Mwari weupe, wale wale wa Ziwa Nakuru, wamekaa juu ya jiwe katikati ya bwawa wanajichokoa manyoya, nyuma yao minara ya serikali ya Uingereza. Ukoo wa mwari katika bustani hiyo ulianza 1664, balozi wa Urusi alipomletea zawadi Mfalme Charles wa Pili, na tangu hapo bustani haikutaka kukaa bila wao. Hawa si ndege wa mwitu, nakubali. Wanaletewa samaki kila siku saa nane na nusu mchana, na mara mojamoja, samaki wakiwachosha, wamepigwa picha wakimmeza njiwa mzima mzima huku watalii wakipiga mayowe. Ukitaka usafi wa kitaalamu, usiwahesabu. Mimi niliwahesabu.

Kisha miti ikalipuka. Hakuna neno jingine. Kasuku wa kijani kibichi, makundi kwa makundi, wanapiga kelele juu ya ncha za matawi meupe kwa barafu ya asubuhi. Kasuku! Kwenye baridi ile! Asili yao ni Afrika kuanzia Senegali hadi Ethiopia, na Bara Hindi, na leo wamejaa London nzima kiasi kwamba wenyeji hawageuzi tena shingo. Walifikaje? Hapa kuna kisa kinachotuhusu. Wapo wanaoapa kwamba kasuku hao walitoroka kwenye upigaji wa filamu ya The African Queen, ile ya 1951 ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, ambayo kisa chake kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na meli yake ya adui imetokana na meli ya kweli tunayoijua sote, Liemba ya Ziwa Tanganyika. Filamu ilipigwa Uganda na Kongo, ikamaliziwa studio za London, na ndipo, wanasema, kasuku wakatoka. Wengine wanasema hapana, ni Jimi Hendrix aliyefungua tundu katikati ya mji. Mwaka 2019 watafiti walichora ramani ya mahali kasuku walipoonekana miaka na miaka, wakatafuta chanzo kwa hesabu, na hadithi zote mbili zikaanguka: ni ndege wa kufugwa tu, waliotoroka au kuachiwa na watu wengi, mahali pengi. Nilisikitika kidogo. Ningependa sana Kigoma ihusike.

Chini ya kasuku, majanini, bata bukini wa Misri wawili wanatembea kama wenye kiwanja. Huyu unamkuta Naivasha, Manyara, kila penye maji. Alipelekwa Uingereza karne nyingi zilizopita kupamba madimbwi ya matajiri, akaondoka kwenye madimbwi akaingia mjini. Kabla sijaona ndege hata mmoja wa Kiingereza nilikuwa nimeshawasalimu majirani.

Kutoka hapo ni miguu mpaka stesheni ya Victoria, kisha treni moja ya chini ya ardhi bila kubadilisha mpaka Tottenham Hale. Nakuomba usome sentensi inayofuata polepole. Mabwawa kumi, hekta 211, ndani ya jiji, na kuingia ni bure.

Walthamstow Wetlands! Mabwawa yalichimbwa zama za Malkia Victoria na kidogo baada yake ili kuwapa watu wa London maji ya kunywa, na kazi hiyo yanaifanya hadi leo. Kwa miaka mingi waliopita humo ni wavuvi wa ndoano na watazama ndege wenye kibali. Mwaka 2017 lango likafunguliwa kwa kila mtu. Bonde hilo la mto Lee limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa maeneo oevu yenye umuhimu duniani, orodha ile ile yenye Nakuru na Naivasha, na mojawapo ya sababu ni bata mdomo-beleshi. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Upepo wa pale hauna huruma. Unakuja juu ya maji, hauna cha kuuzuia, unaingia kwenye masikio na kukaa. Lakini maji yamefunikwa! Bata kishungi, dume mweusi tititi mwenye ubavu mweupe na jicho la dhahabu, kishungi kikining'inia kisogoni. Wanapiga mbizi, wanaibuka, wanapiga tena, mamia yao, mpaka huwezi kuhesabu maana nusu ya kundi wakati wowote ule iko chini ya maji. Kibisi mkubwa, shingo ndefu, mdomo wa sindano. Kukuziwa wanagombana, maana kukuziwa hugombana hata kwenye paradiso. Kwenye visiwa vilivyomo ndani ya mabwawa, mnandi wamejaza miti mpaka matawi yamegeuka meupe kwa kinyesi chao, mabawa wameyatandaza kuyakausha kwa jua lisilokuwepo. Korongo wa kijivu amesimama bega juu, mguu mmoja, mfano wa mzee anayengoja pensheni dirishani. Hata kabla baridi haijaisha, korongo hao huanza kukarabati viota vyao hapo hapo.

Kuna jengo la mashine za zamani za kusukumia maji ambalo sasa ni mkahawa. Bomba la moshi lake limejengwa upya likawa mnara wenye matundu ya kutagia teleka, wale ndege weusi wenye mabawa marefu ambao wanakula, wanakunywa na kulala wakiwa angani. Nikasimama chini ya mnara nikautazama. Mtupu. Wapangaji wote wako juu ya misitu ya Kongo na mashamba ya Msumbiji, watarudi Mei. Binti wa shangazi, ambaye alikubali kunisindikiza kwa sharti la chai, akasema, "Si nilikwambia?" Palepale mdiria akapita mbele yetu, mstari wa buluu juu ya mfereji, na hoja ikamwishia mdomoni.

Niseme kidogo juu ya vifaa, maana watu wameniuliza. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa: nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita, na kwenye mwanga hafifu wa Januari huo upana ndio unaokuokoa. Usidanganywe na zinazokuza mara ishirini. Mkono ukitetemeka kwa baridi, ndege anatetemeka mara ishirini. Kwenye simu weka Merlin, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell, inayosikiliza sauti na kukuandikia jina la ndege anayeimba. Ajabu yake ilinishika pale robini, kindege chenye kifua chekundu, alipoanza kuimba kwenye kichaka. Ndege wengi huko wanaimba kutafuta mwenza, wakati wa machipuko. Robini anaimba baridi yote, dume na jike, kila mmoja anatetea shamba lake la chakula. Betri ya simu inaisha haraka kwenye baridi, basi iweke mfuko wa ndani. Viatu visivyopenyeza maji, soksi mbili, chupa ya chai. Mengine ni mapambo.

Sasa Barnes. Hapa naomba nafasi.

Rudi Victoria, panda treni mpaka Hammersmith, vuka Thames kwa miguu juu ya daraja la kijani lenye nakshi za dhahabu, ambalo magari yamekatazwa tangu Aprili 2019 kwa sababu ya nyufa, na ukitembea kama nusu saa unafika London Wetland Centre. Hapo palikuwa na mabwawa manne ya zege yaliyostaafu. Wakayavunja, wakachimba upya maziwa, wakapanda matete, na mwaka 2000 wakawafungulia watu na ndege. Mlangoni kuna sanamu ya Sir Peter Scott, baba wa wazo lote. Baba yake mzazi ni yule Kapteni Scott aliyefia kwenye barafu ya Antaktika mwaka 1912. Mwana akachagua bata. Mwaka 1946 alianzisha shirika la kuhifadhi ndege wa majini huko Slimbridge, magharibi mwa nchi, na 1964 akaanza kuwatambua batamaji wa Siberia mmoja mmoja kwa kuchora alama nyeusi na njano za midomo yao, akawapa majina, akaona wale wale wakirudi baridi baada ya baridi. Panda wa nembo ya WWF pia ni mkono wake. Alifariki 1989, hakuiona Barnes.

Sehemu ya mbele wana bata wa kufugwa kutoka pembe zote za dunia. Wazuri. Wapite. Unachokitaka ni mabanda ya kutazamia yaliyo mbele zaidi, ya mbao, yenye madirisha membamba ya kuinua, na lile kubwa la ghorofa tatu lenye lifti, ili hata mwenye kiti cha magurudumu aone kile kile. Nafungua dirisha na, jamani, jamani. Wijeni wenye vichwa vya hudhurungi na paji la rangi ya siagi wanachunga majani ukingoni huku wakipiga miluzi. Bata wadogo wa kijani usoni wamelala safu kwenye tope. Ndoero wa Ulaya na shungi lake refu. Kila dume amevaa nguo ya harusi! Ndiyo siri nyingine ya baridi: bata wa kaskazini huchagua wenza wao katika majira haya, kwa hiyo madume yote yamejipamba wakati miti iko uchi.

Na mdomo-beleshi. Huyu hufika mpaka maziwa yetu ya Bonde la Ufa, lakini sijapata kumwona akifanya hivi. Walikuwa kama thelathini, vichwa chini, mdomo wa mmoja karibu na mkia wa mwenzake, wanaogelea wakizunguka duara. Miguu yao inachochea maji, vijidudu vinapanda juu, na kila mmoja anachuja kilichochochewa na aliye mbele. Duara linazunguka, linasogea, linapasuka, linajiunga tena. Hakuna kiongozi, hakuna filimbi. Nilikaa nao mpaka chai ikapoa.

Halafu mzee mmoja wa Kiingereza, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akanigusa kiwiko na kunyoosha kidole kuelekea matete. Kwetu ningemwamkia kwanza. Pale nilifuata kidole. Matete. Matete. Akanong'ona, subiri. Nikasubiri. Na matete mawili yakawa na jicho.

Bitani! Jamaa wa korongo, mnene, manyoya ya rangi ya matete makavu na michirizi myeusi, amesimama mdomo ukielekea mbinguni, na upepo ukitikisa matete naye anatikisika nayo. Ndege huyu aliwahi kutoweka kabisa Uingereza kama mzalianaji karne ya kumi na tisa, akarudi mwanzoni mwa karne ya ishirini, akapungua tena hadi 1997 walipohesabiwa madume 11 tu yaliyokuwa yakinguruma nchi nzima. Watu wakarudisha maji kwenye matete yaliyokauka, wakachimba mengine, na leo madume ni zaidi ya 200. Baridi ikija, baadhi ya bitani hushuka mjini, mahali kama hapa, na hugeuka kuwa jicho moja kati ya matete milioni. Aliinua mguu. Akaushusha. Akapiga hatua moja nyuma na hayupo! Banda zima likaachia pumzi. Mzee akanipa mkono, na mimi nikampa yangu yote miwili.

Usidhani imekwisha. Kabla sijafunga dirisha, maji yote yakainuka. Wijeni, bata wadogo, ndoero, wote hewani kwa mpigo mmoja, na juu yao kozi. Wenyeji wakaniambia kuna jozi inayoishi juu ya jengo refu la Hospitali ya Charing Cross, ng'ambo ya mto, na uwanja huu ndio jiko lao. Akapiga mbizi mara moja, akakosa, akapanda tena bila haraka, na ndani ya dakika tano bata wote walikuwa wamerudi kula. Hawana muda wa kuogopa sana. Saa kumi inakaribia.

Lawama ninazo. Barnes ina kiingilio na si kidogo ukibadilisha kwa shilingi zetu. Baadhi ya watu mabandani wanabeba kamera ndefu kuliko adabu zao. Na baridi ni baridi, hakuna namna ya kuipamba. Ukiwa na nafasi ya mahali pamoja tu, sitasita: lipa, nenda Barnes. Mfuko ukikataa, Walthamstow itakutosha mpaka jioni. Mwari na kasuku ni kifungua kinywa, usikae nao zaidi ya saa moja.

Wiki zile zile nilizokuwa huko, watu wenye darubini na madaftari hutoka katika nchi nyingi kuhesabu ndege wa majini, hesabu ya kila Januari iliyoanza 1967, na maziwa ya Kenya nayo huhesabiwa. Bata mdomo-beleshi wa Naivasha na wa Barnes wanaingia jedwali moja. Kwa hiyo usiseme huna viza. Mida Creek ipo Watamu, na vindege vya tope vya kutoka kaskazini ya mbali viko pale mwezi huo huo. Ukiwa Nairobi, Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, mnakutana Makumbusho ya Taifa. Azima darubini uende Jumatano hii.